Gari gani umewahi kuendesha au kupanda mpaka leo hujaisahau? Mimi ni Land Cruiser 80, Kondoa kwenda Babati, masika ya 2007

Utingo wa Zamani:

Wakuu habari za jioni. Leo mchana nimepita mtaa mmoja hapa Dodoma nikakuta Land Cruiser 80 imepaki, ile kijani ya kizamani, na kibao cha INAUZWA kwenye kioo. Nimesimama pale kama dakika kumi nzima naangalia tu, mwenye duka la jirani akaniuliza vipi mzee unamsubiri mtu? Nikasema hapana, naifahamu hii gari. Yaani sio hii yenyewe, ndugu yake. Nimerudi nyumbani nikaona niandike, na nyie mlete za kwenu.

2007 nilikua kijana, nimepata kibarua kwenye mradi wa kuchimba visima vya maji, kazi yangu kubeba mabomba, kufunga mizigo kwenye keria, kuosha gari, kuchimba tope ikikwama, utingo kabisa. Dereva wetu alikua mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, hatukua tunamwita jina, ilikua Mzee tu basi. Gari ni 80 ya 1996, manyo (gia za mkono), injini ya 1HD-FT, cc 4164, silinda sita za mstari, valvu 24, turbo ya kiwandani. Kwa wasioijua 80, hio ni gari ya 1990 mpaka 1997 hivi, iko kati ya 60 na hii VX ya 100, ina ekseli ngumu mbele na nyuma lakini zimekalishwa kwenye springi za koili badala ya springi za majani, ndio maana inapita kwenye mashimo kama mtu anayetembea kwenye godoro na bado haivunjiki.

Sasa barabara ya Kondoa Babati wakati ule hakuna lami. Leo mtu anatoka Dodoma asubuhi anakunywa chai Babati anaona kawaida, ila waliopita zamani Kolo, Bereko, Bonga wakati wa masika wananielewa, kale kaudongo kekundu ka milimani kakilowa ni sabuni, na kwenye mabonde unakutana na mbuga nyeusi ile inayonata mpaka tairi inakua kama andazi. Kilomita kama 100 tu lakini unaweza kulala njiani siku mbili.

Siku hio tumetoka Kondoa alfajiri, mzigo ni mabomba juu, pampu na mafundi wawili nyuma, mvua imepiga usiku kucha. Tulipopita Kolo tukipandisha kuelekea Bereko tukakuta foleni. Fuso imelala upande imeziba nusu ya barabara, basi limeingiza pua mtaroni, pikapu mbili zimezama mpaka milangoni, abiria wako juu kwenye majani wamejifunika khanga na turubai, wengine walishalala hapo usiku. Watu walipoiona 80 wakaanza kupiga kelele pita pita pita!

Mzee akasimamisha gari mbali, kama mita mia. Akazima. Akavua viatu na soksi, akakunja suruali mpaka magotini, akachukua fimbo akaanza kutembea kwenye lile tope peke yake. Anatembea anachoma fimbo, anasimama, anarudi nyuma hatua mbili, anachoma tena. Mimi niko kwenye gari nashangaa, nikajua anachelewesha tu. Alienda mpaka ng'ambo akarudi kwa njia nyingine kabisa, haikua kwenye nyayo za magari, alipita pembeni kwenye majani ambako chini alikuta changarawe. Aliporudi miguu ni myekundu mpaka magotini, akaniambia lete maji. Nikampa dumu la lita tano, akaosha miguu akaifuta na tambara kidole kwa kidole ndio akaingia. Nikamuuliza Mzee maji ya kunywa unaoshea miguu? Akasema kijana wangu, mguu wenye tope unateleza kwenye klachi, na mle ndani nikiteleza mara moja tu tumelala hapa na wao.

Hio sentensi nimeibeba miaka yote.

Akawasha, akasubiri taa ya hita izime. Akaweka lo, ile gia ya nguvu ya 4x4. Kwenye dashibodi ya 80 yenye difloku (kifungo cha difu) kuna kale kaswichi ka kuzungusha, akakazungusha mara ya kwanza RR, yaani ya nyuma, akasogea taratibu, taa ikawa inapepesa pepesa halafu ikatulia maana yake imeshika, akazungusha tena FR RR, mbele na nyuma, ikapepesa ikatulia. Gia namba mbili. Akaniambia angalia mguu wangu, usiangalie barabara. Nikaangalia. Mguu wa klachi aliuweka chini pembeni kabisa, wa kulia kama umelala, haukanyagi hauachii, upo tu. Gari ikaingia tope.

Sijui niielezeje. Tope limefika kwenye bampa, gari imeinama upande wa bonde mpaka nasikia mabomba juu yanasogea, stelingi inacheza kushoto kulia mikononi mwa Mzee na yeye anaiacha icheze, haikazi, na ile injini haibadilishi sauti hata kidogo, gurrrrr ile ile, nzito, kama mtu anasukuma mkokoteni anajua anakoenda. Hakuna kupiga resi. Tairi zote nne zinazunguka pamoja polepole unaona kabisa zinatafuta chini, zinapata, zinavuta. Tulipopita sawa na lile basi watu walikua wamenyamaza, kimya kabisa, halafu tulipogusa ng'ambo zikalipuka vigelegele mlima mzima. Mimi machozi yalinitoka, na siandiki hivi kuwafurahisha, yalinitoka kweli.

Mzee hakuondoka. Alifunga kamba akavuta pikapu zote mbili, moja baada ya nyingine, basi akasema hili siwezi linataka greda. Mwenye pikapu akatoa hela Mzee akakataa, akamwambia mchukue yule mama mwenye mtoto ana homa, umfikishe Babati, mimi nimejaa.

Wakati wa kurudi, siku tatu mbele, jua limekausha kidogo, tulipofika Bereko akasimama akashuka akazunguka akafungua mlango wangu. Akanipa ufunguo. Nilikua na leseni ya wiki sita. Klachi nzito, gia ndefu, unaikanyaga kidogo unasikia turbo inaanza kupiga mluzi kwa mbali halafu tani mbili na zaidi za chuma zinasogea mbele kwa heshima. Kwenye miteremko Mzee anasema tu shusha gia, iache injini ishike, breki ni ya dharura. Nilifika Kondoa shati limelowa. Baada ya hapo nimeendesha VX V8, nimeendesha hizi 200, nimepanda hata 300 ya twin turbo, gari tamu sana hizo siwezi kusema uongo, lakini ukiniamsha usiku ukaniuliza gari, nitasema 80.

Haya wakuu, leteni za kwenu.

Binti Gairo:

Utingo umeniliza na mimi huku. Yangu ni ya lami, msinicheke. Crown Athlete ya shemeji, ile ya 2.5 V6, injini ya 4GR. Dada yangu alijifungua Dodoma, shemeji yuko Dar kapata habari saa nane usiku akaniambia twende wewe utanisaidia kuendesha maana mimi mikono inatetemeka. Nilikua nimezoea IST yangu. Nimekaa kwenye ile siti, nimewasha, nikafikiri haijawaka nikataka kuwasha tena! Kimya. Tumetoka Kibaha hadi Chalinze shemeji yuko pembeni anaongea na simu kwa sauti ya kunong'ona na nasikia kila neno. Asubuhi kunapambazuka tuko baada ya Morogoro, milima ya Uluguru iko nyuma, barabara nyeupe, ukikanyaga inavuta tu bila kelele, unashtukia uko 140. Na kweli nikapigwa tochi mbele huko, elfu 30, nililipa na sikubishana, kosa langu. Ila kumkuta mtoto ana masaa machache tangu azaliwe, shemeji kaacha mlango wa gari wazi kakimbilia ndani, mimi nimebaki nimekaa kwenye usukani nasikia injini ikipoa tik tik tik. Sitaisahau hio gari.

Shida yake tu iko chini sana, matuta ya vijijini inakwangua tumbo, na hizo 4GR zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwahiyo masizi yanajijenga kwenye valvu za kuingizia hewa, wenye nazo msafishe msisubiri ianze kutetemeka.

Mwana wa Nakuru:

Salamu kutoka Kenya wadau. Uzi mzuri huu. Kwetu ni Peugeot 504, ile station wagon. Baba alikuwa dereva wa hizo za abiria Nakuru Nairobi miaka ya themanini. Kama hukuwahi kuziona, ni safu tatu za viti zote zinaangalia mbele, gia iko kwenye shingo ya usukani, na nyuma pale chini kuna springi nne za koili kwa ekseli moja, mbili kila upande, ndiyo maana ungejaza watu na magunia ya viazi na haikai kama mbwa aliyechapwa.

Wakati shule zimefungwa baba angenibeba kwa kiti cha mwisho kabisa, katikati ya kina mama wa soko. Nakumbuka harufu ya viti vikipata jua, na kina mama wakiimba pambio za kanisa Gilgil hadi Naivasha, halafu ile kupanda kutoka bondeni kwenda Limuru, magari mengine yamesimama kando bonnet juu, rejeta zinatoa mvuke, na baba anapita tu polepole gia ya tatu, mkono mmoja nje ya dirisha. Hakuna siku tulisimama pale. Hizo gari Wafaransa walizitengeneza lakini barabara zetu ndizo zilizipa jina, 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na ile Safari ya wakati huo ilikuwa ya Pasaka, maelfu ya kilomita kwa barabara zilizo wazi na ng'ombe wanavuka. Baba alikuwa anasema gari ya Ove Andersson, yule dereva aliyeshinda 1975, na yake ni mama mmoja. Mimi nilikuwa naamini kabisa, na bado naamini.

Dereva Mpya TZ:

Mkuu Utingo swali. Hio difloku mimi ninayo kwenye hardtop ya kazini ila sijawahi kuigusa naogopa. Inafanya nini hasa na naitumia lini?

Utingo wa Zamani:

Dereva Mpya swali zuri sana na wengi wanaogopa kuuliza. Iko hivi. Gari ikikata kona, tairi ya nje inatembea njia ndefu kuliko ya ndani, ndio kazi ya difu, inaruhusu moja izunguke haraka na nyingine polepole. Sasa ubaya wake ukija kwenye tope, difu inapeleka nguvu kule kwenye urahisi, yaani tairi isiyo na kazi, ile inayoteleza inazunguka kama feni na ile iliyoshika chini imekaa kimya inaangalia. Difloku inazifunga zote mbili ziwe kitu kimoja, ikizunguka hii na hii inazunguka lazima.

Kwahiyo washa KABLA hujaingia, ukiwa umesimama au unatambaa. Ukisubiri mpaka tairi inazunguka kasi ndio uwashe unavunja meno mle ndani. Na ukishatoka kwenye tope zima hapo hapo, usikate nayo kona kwenye lami kavu, tairi zinataka kupishana na haziwezi, ama utakwenda moja kwa moja porini ama utakata ekseli. Ya mbele ndio hatari zaidi maana ukiifunga stelingi inakua nzito haitaki kugeuka. Anza na ya nyuma, ikishindikana ndio ya mbele. Jaribu sehemu ya mchanga siku hauna haraka, uzoee zile taa.

Wa Unguja Maskati:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo Oman mwaka wa kumi na moja sasa. Huku ugomvi wa Land Cruiser na Nissan Patrol ni Simba na Yanga, nyumba moja wanaweza wakanuniana. Mimi sikua na upande mpaka siku kijana wa ami yangu aliponichukua kwenda mchanga wa Wahiba kwa Patrol yake, ile bodi ya Y61, injini 4.8 ya petroli, silinda sita.

Tulipofika Bidiya lami inapoishia, akashuka akaanza kutoa upepo kwenye tairi. Wallahi nilistaajabu, sisi Unguja tairi ikipungua upepo ni msiba. Akashusha mpaka psi 15 zote nne. Ukiinama ukatazama unaona tairi imelala, imekua ndefu pale inapogusa chini kama unyayo wa ngamia, na ndiyo siri yenyewe, haizami, inakaa juu ya mchanga. Kisha akaniambia mambo matatu: tuta tunalipanda na kulishuka wima, hatulikati ubavu maana ndiko gari zinakobiringika, hatusimami uso ukitazama juu, na breki haipigwi, ukitaka kusimama unaachia mafuta mchanga wenyewe unakushika.

Tuta la kwanza nilifumba macho. Yeye akaanzia mbali, injini ikapanda sauti, Patrol ina sauti yake, si ya kunguruma, ni kama inaimba kwa kifua, tukapanda tukapanda mbele ni mbingu tupu huoni kitu, na pale kileleni akaachia mafuta kidogo tu, gari ikasita kama inafikiri, pua ikainama, na chini yetu bonde zima la mchanga mwekundu mpaka mwisho wa macho, jua linazama. Tukateremka mchanga unateremka na sisi unatoa mvumo mzito unaousikia tumboni. Hakuna aliyesema neno. Chini akazima gari, tukatandika mkeka tukasali Magharibi, nikakumbuka nyumbani, nikampigia mama video akaona ule mchanga akasema mwanangu mko wapi huko, mbona kama bahari imekauka.

Siku ya tatu akanipa niendeshe. Nilikwama mara mbili na mara zote mbili ni kwa sababu niliogopa nikaachia mafuta mapema. Mara ya tatu nikapita. Mimi ni Patrol mpaka kufa.

Mwana wa Nakuru:

Wa Unguja hiyo ya mama imenigusa. Na kabla sijalala niongeze moja, kuna rafiki yangu ana Forester ya turbo, EJ20, aliniendesha vumbi la Naivasha wiki moja kabla Safari irudi kwa WRC, yale mashindano ya rally ya dunia, 2021. Lile vumbi laini kama unga, dirisha limefungwa na bado liko mdomoni. Ile sauti ya Subaru silinda zikilala huku na huku, buru buru buru, halafu turbo ikishika unasukumwa kwa kiti kama mtu ameweka mkono kifuani. Wiki iliyofuata nikasimama kando ya njia nikaona dereva Ogier akipita na ile Toyota Yaris ya mashindano, nikajua kile nilichoonja kilikuwa kijiko kimoja tu.

Utingo wa Zamani:

Wadau nimekaa kimya siku nne kwa sababu mmenichokoza. Nimerudi kuiangalia ile 80 ya kijani.

Kabla ya kurudi nikaenda kwanza Kondoa kumchukua Mzee. Yupo hai, alhamdulillah, ila macho yamempungua, mtoto wa jicho, jicho moja limeshafanyiwa upasuaji. Nikamwambia kuna 80 nataka kununua, akavaa koti hata hajaniuliza bei.

Tumefika, muuzaji anatusubiri. Mzee kabla ya salamu kuisha ameshaweka kiganja juu ya boneti. Akakaa nacho hapo. Akaniambia taratibu, huyu kashapashwa, twende tuje kesho alfajiri, na mwambie asiiguse. Injini ya dizeli inasema ukweli ikiwa ya baridi.

Kesho yake saa kumi na mbili tuko pale. Boneti ya baridi kabisa. Hii ni ya 1992, kwahiyo ni 1HD-T, valvu 12, sio ile FT yetu. Ikawaka mara ya kwanza, moshi kidogo ukakata. Mimi tayari nishalipa moyoni. Mzee akaomba bisibisi ndefu, akaweka ncha chini ya injini upande wa sampu (karai la oili), mpini sikioni, akafumba yale macho yake, akaniambia kanyaga mpaka elfu mbili uachie. Nikakanyaga nikaachia. Tena. Tena. Akanipa bisibisi akasema sikiliza wewe. Nikaweka sikio na kweli, pale unapoachia mafuta kuna kitu kinagonga chini, kidogo sana, tok tok tok, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu.

Beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti. Na hizi 1HD-T zinajulikana kwa hilo, beringi zake zinaisha mapema, fundi anayezijua anazibadilisha kabla hazijaanza kugonga. Muuzaji tukamwonyesha, akakubali tushushe sampu hapo hapo mbele yake. Tukashusha, tukafungua kofia ya konrodi ya kwanza, beringi imeshaonyesha shaba, lakini shafti Mzee akaipitisha ukucha taratibu pande zote, haina mkwaruzo hata mmoja. Akasema tumeiwahi.

Bei imeshuka, tumeandikishana mbele ya mashahidi, gari iko kwa fundi wangu sasa. Na nilipokua naongea na fundi nikageuka simwoni Mzee. Amepanda kwenye gari, kakaa siti ya abiria ile niliyokua nakaa mimi, mkono umepapasa dashibodi mpaka ukakipata kale kaswichi. Anakazungusha. RR. FR RR. Anarudisha. Tena.

Beringi zinafika Alhamisi kutoka Dar, nimeagiza seti nzima na gasketi ya sampu. Picha nitaweka ikishatoka.